Kidole cha mwisho cha kushoto: kuzoea kibodi ya laptopu mpya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi katika chama cha ushirika hapa Moshi. Kwa miaka tisa nimechapa kwenye kompyuta ya mezani yenye kibodi nene ya kizamani. Mwezi uliopita ofisi ikaninunulia laptopu mpya ya inchi 15, na tangu hapo nimekuwa kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Vitufe havizami, naona kama napiga meza. Herufi “a” mara haitoki, mara zinatoka mbili. Kimshale kinahama chenyewe katikati ya sentensi. Nikitafuta alama ya @ ya barua pepe naletewa alama ya kunukuu. Jioni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinauma. Dukani waliniwekea kava ya silikoni juu ya vitufe kwa ajili ya vumbi, hiyo angalau ni nzuri. Je, nimwombe meneja ibadilishwe, au nitazoea tu?

JIBU: Marahaba, dada. Anza kwa kuitoa hiyo kava. Najua ndiyo kitu pekee ulichokisifia katika barua nzima, lakini itoe leo, uchape siku mbili bila hiyo, ndipo tujue tunazungumzia nini.

Chini ya kila kitufe cha laptopu kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, katikati yake kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini kabisa kuna karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Ukibonyeza, kile kikombe kinakataa kidogo, halafu kinakunjika ghafla, na hapo ndipo karatasi zinagusana na herufi inakwenda. Kidole kilichozoea hakisubiri kufika chini. Kinausikia ule mkunjo na kuanza kurudi. Sasa wewe umetandika mpira juu ya mkunjo wenyewe. Umefunika na vile vinundu viwili vilivyo kwenye F na J, ambavyo kazi yake ni kukuambia vidole viko nyumbani bila kutazama. Ni sawa na kupapasa sarafu mfukoni ukiwa umevaa glavu.

Vumbi la kiangazi ninalijua, nipo Arusha na hapa halitofautiani na la kwenu. Dawa yake ni kuifunga laptopu unapoondoka mezani, kuitandikia kitambaa kama mama zetu walivyotandikia redio vitambaa vya kufuma, na mara moja kwa wiki kuizima, kuiinamisha na kuipitishia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuonja rangi.

Tumalize haraka yale mawili ambayo hayana uhusiano na mikono yako.

La @ ni mpangilio tu. Kuna mpangilio wa vitufe wa Uingereza na wa Marekani. Katika ule wa Marekani, @ iko juu ya 2. Katika ule wa Uingereza, juu ya 2 kuna alama ya kunukuu, na @ imehamia kwenye kitufe cha ritifaa (ile alama iliyo kwenye neno ng’ombe), jirani na Enter. Tazama kitufe chako cha 2: kama kimechorwa @ lakini kinatoa kunukuu, maana yake chuma ni cha Kimarekani na Windows imeambiwa uko London. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza kibodi ya Marekani, kisha futa ile ya Uingereza. Usiache zote mbili, kwa sababu Alt na Shift vikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya vinaweza kuzibadilishana, nawe utadhani mashine imerogwa. Shukuru hukuuziwa iliyotumika Ujerumani. Kwenye kibodi za kule Y na Z zimebadilishana nafasi, kwa hiyo Mswahili anayechapa kwa mazoea anaandika “kahawa za mwaka huu” na “barua ya wanachama” pale alipotaka “ya” na “za”, na kompyuta haimwonyeshi kosa maana yote mawili ni maneno halali. Nimeletewa barua ya namna hiyo mezani kwangu, na mwenye nayo alikuwa ameisoma mara tatu.

La kimshale kuhama ni kiganja chako. Kompyuta ya mezani haikuwa na kitu mbele ya kibodi, ukazoea kulaza viganja. Kwenye laptopu viganja vinalala karibu na ile padi ya kugusa, ukiegemea kidogo inadhani unatumia mausi. Kwenye mipangilio ya padi kuna viwango vya wepesi wa kuhisi. Ishushe hadi cha chini kabisa. Kama unatumia mausi ya waya au ya betri, hapo hapo kuna kisanduku cha kuiacha padi ikiwa imewashwa hata mausi inapochomekwa. Kitoe tiki, na jambo hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye “a”, maana hapo ndipo kazi yako ilipo.

Kwanza tuhakikishe kitufe si kibovu. Fungua ukurasa mtupu, chukua kidole cha shahada, siyo kile cha mwisho, na ubonyeze A mara hamsini polepole, kwa mwendo wa kuhesabu kura. Bonyeza katikati ya kitufe, kisha rudia hamsini nyingine ukibonyeza pembeni yake ya kushoto. Programu ya kuandikia itakuhesabia herufi yenyewe. Ukipata hamsini na hamsini, kitufe ni kizima. Ukipata arobaini na saba au hamsini na tatu, kirudie, na kama bado hazitimii mpelekee meneja matokeo hayo pamoja na risiti ya EFD. Mashine ya mwezi mmoja inarudishwa dukani, haizoewi. Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kuilaumu: ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, Windows inauliza kama iwashe huduma ya kupuuza mibonyezo mifupi. Iliwekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka. Wengi wanabonyeza ndiyo bila kusoma, kisha wanashangaa herufi zinapotea. Ipo kwenye mipangilio ya ufikivu, hakikisha imezimwa.

Kwako wewe nabashiri hamsini zitatimia. Sababu ninayo kwenye maneno unayochapa kila siku. Chukua sentensi ya kazini kwako: “wanachama wa chama cha wakulima wa kahawa”. Ina herufi thelathini na tano, na kumi na nne kati ya hizo ni “a”. Herufi “e”, ambayo Waingereza wanaitumia kuliko zote, haimo hata moja. Mpangilio huu wa vitufe unatokana na Christopher Sholes wa Milwaukee, Marekani, na mashine yake ilianza kuuzwa mwaka 1874. Aliyekuwa akifikiriwa ni mwandishi wa Kiingereza. “E” ikaangukia kidole cha kati, chenye nguvu, na “a” ikaangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kile tunachokiachia kazi ya kushikilia kikombe cha chai kwa mapozi. Kwa hiyo katibu muhtasi wa Moshi anakitumikisha kidole hicho kuliko mwenzake wa London, na bado kinadaiwa Shift, Tab na kitufe cha herufi kubwa.

Kwenye kibodi yako ya zamani udhaifu wa kidole hicho ulifichika. Kitufe cha mezani kinazama milimita tatu na nusu hadi nne hivi. Kidole kinafika kwa kishindo, lakini njia ni ndefu, nguvu inaishia njiani. Kitufe cha laptopu nyingi kinazama milimita moja hadi moja na nusu. Ukileta kishindo kile kile, sehemu kubwa yake inaishia kwenye bati lililo chini, na bati linairudisha kwenye kiungo chako. Hiyo ndiyo “meza” unayoipiga. Basi kidole kinajihami bila kukuuliza: mara kinagusa nusunusu kwa kuogopa, “a” haitoki, mara kinakandamiza kwa hasira na kuganda pale, kompyuta inadhani unataka nyingi. Kuganda huku unaweza kukupunguzia makali kwenye mipangilio ya kibodi kwa kurefusha muda wa kusubiri kabla herufi haijajirudia, lakini hiyo ni plasta.

Na Kiswahili hakisamehe hapo. Mwingereza akizidisha herufi, kompyuta inamchorea mstari mwekundu. Wewe ukiandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe “amekataa” rufaa ya meneja badala ya “amekata”, au ukimwandikia mkulima kwamba mbegu mpya “inakufa” badala ya “inakufaa”, hakuna mstari utakaochorwa. Kwa wiki mbili za mazoezi nitakayokupa hapa chini, soma kila barua kwa sauti kabla ya kuichapisha kwenye karatasi. Macho yanaruka, ulimi hauruki.

Tuanze na kushusha nguvu, kasi ije baadaye. Mimi nilijifunza kwa taipureta, hapa hapa Arusha, darasani tukiwa tumefunikwa mikono kwa khanga ili tusichungulie. Taipureta inataka ngumi. Nilipohamia kompyuta, jirani yangu wa duka aliwahi kuchungulia akauliza ni nani anapigilia misumari. Kilichoniponya ni zoezi moja la kijinga: weka kidole juu ya kitufe, kibonyeze kidogo mno kiasi kwamba herufi isitoke. Ongeza uzito kidogo kidogo mpaka itoke. Rudia. Fanya hivyo kwa kila kidole mara kumi, na kile cha mwisho cha kushoto mara thelathini. Utashangaa jinsi herufi inavyohitaji kidogo. Kidole kikishajua bei halisi, kitaacha kulipa zaidi. Baada ya hapo, kipimo chako kiwe sikio: chapa kiasi kwamba anayekaa meza ya pili asijue unachapa au unasoma.

Fundi cherehani aliyezoea mashine ya miguu, akiwekewa ya mota, siku ya kwanza kitambaa kinamkimbia. Hawezi kupunguza kasi ya mota kwa kuikanyaga kwa nguvu zaidi. Anajifunza kugusa.

Mazoezi yawe mafupi, ya kila siku. Hili si maoni yangu tu. Mwaka 1978 wanasaikolojia Baddeley na Longman walitoa matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta ya Uingereza kuchapa. Baadhi walifundishwa saa moja kwa siku, wengine saa mbili, wengine saa nne. Wale wa saa moja ndio waliohitaji saa chache zaidi kwa jumla kufika kiwango kinachotakiwa, ingawa zilitawanyika kwenye siku nyingi zaidi. Kichekesho ni kwamba ndio walioridhika kidogo kuliko wote, waliona wanacheleweshwa. Utajisikia hivyo hivyo. Kwako, kwa kuwa kuchapa unajua tayari, dakika kumi asubuhi kabla barua hazijaanza kumiminika na dakika kumi baada ya chakula cha mchana zinatosha.

Usichape zile sentensi za Kiingereza za kwenye programu za mazoezi, zilizojaa “q” na “x” ambazo sisi hatuzijui. Anza na maneno yasiyotoka kabisa kwenye mstari wa katikati: dada, kaka, dagaa, sadaka, jalada, kadhaa, shahada, falsafa. Yote hayo yanachapwa bila mkono kupanda wala kushuka, na “dagaa” ni mkono wa kushoto peke yake, nalo linakufundisha “a” mbili za makusudi. Kisha nenda kwenye mihtasari yako ya mwaka jana, uichape upya aya mojamoja kwa theluthi mbili ya kasi uliyoizoea. Ukikosea, pita. Ule mtindo wa kukosea, kurudi nyuma mara sita kwa hasira, kisha kukosea tena, unakifundisha kidole wimbo wenye kosa ndani yake.

Na usitazame mikono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwapa wachapaji wazoefu, wenye wastani wa maneno 72 kwa dakika, mchoro wa kibodi usio na herufi, wakaambiwa wazijaze. Kwa wastani waliweza kuzipatia mahali pake herufi 15 hivi. Vidole vilijua, kichwa hakikujua. Ukianza kutazama chini kwa sababu kibodi ni ngeni, unamnyang’anya usukani dereva unampa abiria. Ukipotea, rudi kwenye vinundu vya F na J, ambavyo sasa havina kava.

Kwa wiki hizi mbili usichanganye kibodi mbili kwa siku moja. Ila kama kuna mkutano mkuu na makabrasha yanatakiwa kesho, chomeka kibodi yako ya zamani kwenye tundu la USB la laptopu, maliza kazi, wala usione haya. Laptopu itaipokea bila kuuliza.

Kidogo kuhusu kukaa. Laptopu yako ya inchi 15 huenda ina vitufe vya tarakimu upande wa kulia. Kama ndivyo, sehemu ya herufi yote imesogezwa kushoto, na ukikaa ukielekea katikati ya kioo, mikono yote miwili inavutwa upande mmoja kutwa nzima. Kaa kitovu kikielekea kitufe cha B, kioo ndicho kibaki upande. Meza za ofisi zetu nyingi ni ndefu kwa kwenda juu. Kama viwiko vyako viko chini ya kibodi, weka mto kwenye kiti na boksi la karatasi chini ya miguu, mpaka kiganja na mkono vinyooke. Usiinue nyuma ya laptopu kwa kitabu huku ukichapa juu yake, maana kifundo cha mkono kinakunjika kwenda juu, na kidole cha mwisho ndicho kinachofika kwa shida zaidi.

Na kucha. Sikuambii ukate, sikujui vya kutosha. Nasema tu kwamba kwenye kitufe cha kuzama milimita nne kucha ndefu inapata nafasi, kwenye cha milimita moja inafika kabla ya nyama ya kidole, inateleza pembeni, na herufi inakuwa ya bahati nasibu. Ukirudia lile zoezi la hamsini kwa kidole cha mwisho na kupata arobaini na mbili, tazama kucha kabla ya kutazama kibodi.

Maumivu nayaweka peke yake. Uchovu wa kidole unaoisha usiku ni wa kawaida kwa siku za mwanzo. Ganzi si ya kawaida. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete mara nyingi inatokana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko, kwa hiyo acha kuegemeza viwiko kwenye ukingo wa meza. Ganzi ya gumba, shahada na cha kati, hasa ile ya kukuamsha usiku, mara nyingi inatokana na ule unaopita kwenye kifundo cha mkono. Yoyote kati ya hizo ikidumu zaidi ya wiki, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali na umweleze daktari unachapa saa ngapi kwa siku. Usisubiri zile wiki mbili zangu.

Umeuliza kama utazoea. Kwa wanafunzi niliowaona wakihama kutoka mezani kwenda laptopu, siku tatu za kwanza ni za kilio, mwisho wa wiki ya kwanza makosa yanapungua, na mwisho wa wiki ya pili kasi imerudi karibu na ile ya zamani. Wachache hawazoei, na si kwa sababu ni wazembe. Zipo kibodi zilizoshindwa kwa watu wengi. Apple walileta mwaka 2015 kibodi nyembamba mno, mwaka 2018 wakaanza kuzitengeneza bure kwa wateja, na mwishoni mwa 2019 wakaanza kurudi kwenye ule mtindo wa mkasi. Kwa hiyo kama baada ya wiki mbili, bila kava na kwa mkono mwepesi, bado unachukia, usimwombe meneja laptopu nyingine. Mwombe kibodi ya nje ya USB, isiyo nene sana, na laptopu uiinue juu ya marobota ya karatasi ili kioo kifike usawa wa macho. Ni ombi dogo, na meneja mwenye akili atalisaini kabla hujamaliza kulieleza. Mpelekee ukiwa na rekodi: barua ile ile ya ukurasa mmoja, ichape leo na uandike dakika pamoja na makosa, uirudie baada ya siku saba, na tena baada ya kumi na nne.

Lakini kwanza kava, halafu zile hamsini. Niandikie umepata ngapi katikati ya kitufe na ngapi pembeni.